Kanda Iliyovuka Bahari: Maniema, Super Matimila na Maana ya Kugunduliwa

Kitenzi gundua kina maana mbili ambazo mwanahistoria wa muziki hana budi kuzitenga. Maana iliyozoeleka siku hizi ni kupata kujua jambo lililokuwa halijulikani. Lakini ipo maana nyingine ya zamani, nayo ni kumkuta mtu ghafla pasipo yeye kutazamia. Hapo mshtuko ni wa yule aliyekutwa. Mwaka 1988 bendi ya Dar es Salaam iitwayo Orchestra Super Matimila, chini ya uongozi wa Remmy Ongala, ilialikwa Uingereza kupiga katika matamasha ya WOMAD, na tangu wakati huo imekuwa ikisemwa kwamba huko ndiko ilikogunduliwa. Kwa maana ya kwanza ya kitenzi, usemi huo hauna ukweli. Bendi hiyo ilikuwa imekwisha kujaza kumbi za Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nyimbo zake zilikuwa zikisikika redioni nchi nzima. Kwa maana ya pili usemi una ukweli wake, ila waliogunduliwa ni wasikilizaji wa Uingereza. Wao ndio waliokutwa hawana habari.

Makala haya yanaifuata njia iliyoifikisha bendi hiyo hapo. Njia yenyewe inaeleza jinsi bendi nzuri kiasi hicho ilivyoweza kuwa siri kwa walimwengu, na wakati huohuo isiwe siri hata kidogo kwa watu wa Ilala, Temeke na Kinondoni. Aidha, njia hiyo haianzii Dar es Salaam. Inaanzia Maniema, mashariki mwa Kongo, katika nchi ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili huijua kwa jina la lahaja yake tu.

Ramadhani Mtoro Ongala, aliyekuja kujulikana kwa jina la Remmy, alizaliwa Kindu mwaka 1947. Katika miaka hiyo Kindu ilikuwa bandari ya mto na mwisho wa reli: mizigo iliyotoka kusini kwa treni ilishushwa hapo, ikapakiwa katika meli za mto Lualaba kuelekea Ponthierville, mji ambao leo unaitwa Ubundu. Kiasi cha kilomita 100 mashariki ya Kindu, katika vilima vya msitu wa Warega, upo mji wa Kalima uliozaliwa na madini ya bati. Kampuni ya Kibelgiji ya Symétain ilianza kuchimba huko katika miaka ya 1930 na kujenga kambi za wafanyakazi wake. Patrice Lumumba mwenyewe, kabla hajaenda Stanleyville, alipata kuwa karani wa kampuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kindu na Kalima zilikuwa kama mlango na chumba: bati lilitoka kwa kupitia Kindu, na bidhaa zote za ugenini, magitaa na santuri zikiwemo, ziliingia kwa mlango huohuo.

Kambi ya mgodi ina nafasi ya pekee katika historia ya muziki wa Afrika ya Kati. Huwakusanya vijana wa makabila mbalimbali, wenye mshahara mfukoni, walio mbali na ngoma za kwao na wazee wa kuwaongoza katika ngoma hizo. Jumamosi jioni hawana cha kuwakutanisha isipokuwa pombe, dansi na lugha ya kambini. Katika Katanga na Maniema lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Santuri zilizoanza kutolewa Leopoldville mwaka 1948 na kampuni ya Ngoma ziliwafundisha vijana wa Kongo nzima jinsi gitaa lililoletwa na mabaharia wa pwani ya magharibi linavyoweza kuimba rumba; lakini nyingi kati ya santuri hizo ziliimbwa kwa Kilingala. Kijana wa Kindu alijifunza muziki kwa lugha moja na kuishi kwa lugha nyingine. Jambo hili litakuwa na uzito mbele ya safari.

Ama kuhusu Kiswahili cha Maniema, asili yake ni ya zamani kuliko utawala wa Wabelgiji. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kujenga hapo, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao ya himaya yake ya pembe na watumwa. Watu waliofuatana na wafanyabiashara hao, au waliojiunga nao huko bara, walijiita Wangwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Vita vya 1892 hadi 1894 viliuondoa utawala wao, lakini havikuiondoa lugha, wala dini, wala majina. Ramadhani Mtoro ni jina ambalo lingeweza kuwa la mzaliwa wa Bagamoyo. Na kwa hakika msomaji wa fasihi ya Kiswahili atamkumbuka Mtoro mwingine, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa habari za desturi za Waswahili. Mwanamuziki ambaye baadaye Dar es Salaam ilimwita mgeni, jina lake lilikuwa limetoka pwani hiyohiyo kizazi kimoja au viwili kabla ya yeye kurudi nalo.

Habari za kuzaliwa kwake alikuwa akizieleza mwenyewe. Mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, akaenda kwa mganga, akaagizwa amzalie mtoto huyu msituni na asimnyoe nywele. Mtoto alizaliwa na meno mawili, ishara ya uganga, na hiyo ikawa asili ya lile jina la Dakta lililoandikwa baadaye kwenye matangazo ya dansi. Nywele hazikukatwa hadi mama yake alipofariki mwaka 1964. Mwaka huohuo Kindu ilitekwa na waasi wa Simba mwezi Julai, kisha ikakombolewa na majeshi ya serikali pamoja na askari wa kukodiwa mwezi Novemba. Kijana wa miaka 17, yatima, katika mji uliotoka vitani, hakuwa na mengi ya kumzuia asiondoke. Aliingia katika bendi za vijana, kwanza mashariki mwa Kongo, halafu nje ya mipaka yake.

Hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wa mashariki na kusini mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa tangu 1971 hadi 1997, walihama kwa makundi kwenda Zambia, Uganda, Kenya na Tanzania. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni uchumi: kutaifishwa kwa biashara za wageni kuanzia Novemba 1973 kulivuruga maduka, usafiri na mishahara, na mji wa migodi hauwezi kulipa viingilio vya dansi ikiwa mgodi wenyewe haulipi. (Huko Kalima kampuni ya Symétain iliunganishwa na nyinginezo mwaka 1976 kuwa SOMINKI, na bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kilichokuwa kimebaki nacho kikayumba.) Sababu ya pili haitajwi mara nyingi, nayo ni Kinshasa. Studio, viwanda vya santuri na redio yenye nguvu vilikuwa huko, na lugha ya muziki wa huko ilikuwa Kilingala. Kwa mwanamuziki wa Kindu, Kinshasa ilikuwa mbali kuliko Dar es Salaam kwa namna ambayo ramani haionyeshi. Akienda magharibi alikuwa mshamba. Akienda mashariki alikuwa Mkongo, na neno Mkongo katika kumbi za Afrika Mashariki lilikuwa sifa.

Ndivyo Nairobi ilivyowapata Super Mazembe na Mangelepa, na Dar es Salaam ikawapata Maquis du Zaire. Mwaka 1978 Remmy Ongala alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Katika bendi hiyo alitunga Siku ya Kufa, wimbo uliomtambulisha kwa Watanzania. Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako walirekodi sahani iliyotolewa London na kampuni ya Virgin mwaka 1982, Remmy alibaki nyuma akaingia Matimila. Uamuzi huo wa kubaki unastahili kuzingatiwa. Wenzake walikwenda kwenye studio na mikataba, yeye alibaki katika nchi isiyokuwa na kiwanda hata kimoja cha kuchapa santuri.

Hapa hapana budi kueleza jinsi bendi za Tanzania zilivyoendeshwa katika kipindi hicho, maana bila hayo neno huru likitumiwa kwa bendi kama Matimila halitaeleweka. Kuanzia NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na baadaye kuitwa JUWATA, bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi za umma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi na Jeshi walikuwa na bendi zao. Hata shirika la bima lilikuwa na yake. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 na shirika la usafiri na teksi, na shirika hilo liliposhindwa ikachukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki wa bendi ya namna hii alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara mwisho wa mwezi, ukumbi kashinda auzoee usiauzoee ukajaa au usijae, na alipougua palikuwa na wa kumuuguza.

Mpango huu ulikuwa na sababu zake. Magitaa, vikuza sauti na saksafoni vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba kuliko sukari. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Ikiwa mwenye vyombo si shirika la umma, basi ilimlazimu kuwa mfanyabiashara, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Matimila: vyombo vilikuwa vya mtu binafsi, na wapigaji walivipiga kwa makubaliano ya kugawana mapato ya mlangoni. Maquis walijaribu njia nyingine kwa kuunda kampuni yao wenyewe, OMACO. Kwa hiyo uhuru wa bendi ya binafsi ulikuwa uhuru wa kukosa mshahara. Mvua ikinyesha Jumamosi, wanamuziki walilala na njaa Jumapili.

Hata hivyo uhuru huo ulikuwa na faida moja ambayo huenda ndiyo iliyoifanya Matimila iwe ilivyokuwa. Bendi ya umma ilitazamiwa kutunga nyimbo za kusifu mashamba, viwanda na maazimio, na nyingine zilikuwa nzuri; lakini kiongozi wa bendi ya binafsi alilazimika kumtazama mtu mmoja tu, yule aliyesimama mlangoni akihesabu fedha zake kabla ya kukata tiketi. Remmy alimtazama mtu huyo kwa makini kuliko mtunzi mwingine yeyote wa wakati wake. Nyimbo zake ni mazungumzo na mtu asiye na cheo: kuhusu kifo, ndoa, watoto, kodi ya nyumba, dharau ya wenye magari. Mnyonge Hana Haki ni jina la wimbo wake mmojawapo, na jina hilo peke yake lingetosha kuwa kichwa cha kazi zake zote.

Upande wa muziki nao ulikuwa na mpango wake. Wimbo wa Matimila huanza taratibu. Magitaa huingiliana, kila moja likishika kipande chake kidogo bila kugusa cha mwenzake, huku besi ikitembea chini yao. Maneno hupewa nafasi ndefu, ubeti kwa ubeti, na mwimbaji mara nyingine huacha kuimba akasema tu. Kisha huja sehemu ya kasi ambayo wapigaji wa Dar es Salaam waliiita chemko, saksafoni huitikia magitaa, na wachezaji ambao walikuwa wamesimama wakisikiliza huanza kutoka jasho. Kinshasa katika miaka hiyo ilikuwa imeanza kuifupisha sehemu ya maneno na kuirefusha ile ya kasi. Dar es Salaam haikukubali. Msikilizaji wa Tanzania alilipia maneno, kwa kuwa aliyaelewa. Na mwanamuziki wa Kongo aliyetaka kuishi hapo ilimpasa aache kuimba Kilingala. Kwa wengi hilo lilikuwa somo la ugenini. Kwa mzaliwa wa Kindu ilikuwa kurudi katika lugha ya nyumbani, japo lafudhi yake ilibaki ya bara na wasikilizaji wa pwani waliitambua mara moja. Mtindo wake aliuita kwa jina lililotokana na ubongo, na si vigumu kuona sababu.

Tatizo lilikuwa namna ya kuuhifadhi muziki huu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mahali pa kurekodia kwa bendi za Tanzania palikuwa kwa kawaida pamoja tu, nako ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Mashairi yalikaguliwa kwanza. Yakikubaliwa, bendi ilikusanyika studioni na kupiga yote kwa pamoja, kama ukumbini, na kilichonaswa ndicho kilichobaki. Kanda ilikuwa mali ya redio. Ilipigwa hewani mara nyingi, bendi ikapata sifa, na sifa ikaleta watu ukumbini. Malipo ya mtunzi kwa kila wimbo uliopigwa hayakuwa sehemu ya mpango huo. Wakati huohuo wauzaji wa kaseti waliinasa nyimbo kutoka redioni na kuziuza kwa wingi mitaani, nao pia bila ya kumlipa mtu. Sheria mpya ya hakimiliki haikutungwa hadi mwaka 1999.

Ni rahisi kuilaumu redio, na wanamuziki wengi waliilaumu kwa haki. Lakini mizani ina pande mbili. Bila ya kanda za Radio Tanzania, sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa nchi hiyo isingesikika tena leo, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeunasa. Na ni kanda za namna hiyo zilizoitoa Matimila nje. Rafiki mmoja aliyeondoka Dar es Salaam alichukua kaseti ya nyimbo za Remmy akaifikisha kwa waandaaji wa WOMAD, tamasha lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake mwaka 1982 huko Uingereza. Walisikiliza, wakaita bendi. Mwaka 1988 Matimila ilipiga katika matamasha hayo, na WOMAD ikatoa sahani iitwayo Nalilia Mwana, ambayo nyimbo zake zilitokana na kanda zilizorekodiwa Dar es Salaam.

Linganisho moja litasaidia kuona jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika ya Kusini, alikuwa akisafiri Katanga na mashine zake za kurekodia. Katika mji wa migodi wa Jadotville, leo Likasi, alimkuta barabarani kijana akipiga gitaa kavu. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, na Masanga, kipande alichokirekodi, kiliwafanya wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wahangaike kwa miaka mingi kutafuta jinsi vidole viwili vya mkono mmoja vinavyoweza kufanya kazi ya watu wawili. Mwenda naye anasemwa kuwa aligunduliwa, na naye alikuwa anajulikana tayari kwa kila mtu wa mtaani kwake. Tofauti ni kwamba mwaka 1952 mgunduzi alikwenda kwa mwanamuziki, akachagua yeye cha kurekodi, dakika tatu tatu kama santuri ya wakati huo ilivyotaka. Mwaka 1988 muziki ulimwendea mgunduzi ukiwa umekamilika, kwa urefu wake, kwa mpango wake, na kwa maneno yaliyokusudiwa watu wengine kabisa. Kaseti ile haikutengenezwa kwa ajili ya Uingereza. Huenda hiyo ndiyo sababu iliwashtua.

Kwa nini washtuke? Katika miaka hiyo maduka ya santuri ya London na Paris yalikuwa na muziki wa Kinshasa, wa Dakar, wa Lagos, na hata wa Nairobi. Tanzania haikuwemo, si kwa uhaba wa muziki bali kwa uhaba wa santuri. Msikilizaji wa Ulaya aliamini, bila kufikiri sana, kwamba asichokiona dukani hakipo. Kumbe mji mmoja wa Dar es Salaam ulikuwa na bendi zilizopiga karibu kila usiku wa juma, mbele ya watu waliozijua kwa majina ya mitindo yao, waliobishana juu ya Sikinde na Msondo kama wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Matimila ilikuwa mojawapo tu. Hata katika mabishano hayo haikuwa mara zote ya kwanza.

Mwaka 1989 bendi ilirekodi sahani ya pili huko Wiltshire, katika studio za Real World, kampuni mpya ya Gabriel. Safari hii vyombo vilikuwa bora, na kila gitaa linasikika peke yake kama mtu anayezungumza chumbani. Sahani ilipewa jina Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za maskini. Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapaswa kusimama kidogo. Neno la Remmy halikuwa maskini, lilikuwa mnyonge. Maskini ni mtu asiye na mali, naye anaweza kupewa mali akaacha kuwa maskini. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu: asiye na mtetezi, anayeombwa asubiri, anayesukumwa kwenye foleni. Mtu anaweza kuwa na mshahara na bado akawa mnyonge mbele ya bosi, polisi au mkwe. Msemo wa mnyonge kukosa haki unahusu mamlaka kuliko fedha. Tafsiri ilipogeuza unyonge kuwa umaskini, shtaka liligeuka kuwa ombi, na msikilizaji wa Uingereza akapewa nafasi ya kuhurumia mahali ambapo msikilizaji wa Manzese alipewa nafasi ya kukasirika.

Sahani ya tatu, Mambo, ilitoka mwaka 1992 na ina nyimbo kadhaa za Kiingereza. Nia inaeleweka: mtu aliyezoea kuzungumza na wasikilizaji wake alitaka azungumze na hawa wapya pia. Lakini kwa yeyote anayejua Kiswahili, nyimbo hizo ni nyembamba. Utani umepungua, mafumbo yametoweka, na lile kusitasita kwa sauti kabla ya neno lenye makali halipo. Karibu nazo upo Mrema, wimbo wa Kiswahili unaomtaja Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na hapo Remmy yuko nyumbani tena, akizungumza na watu wanaojua anayesemwa ni nani na kwa nini.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1990. Wakati jina la Matimila linaandikwa katika magazeti ya Ulaya, Remmy alitoa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu dhidi ya UKIMWI. Soksi ndilo neno la mtaani alilolichagua, na kila aliyelisikia alielewa na wengi walicheka, na katika kucheka walikwisha kusikia nasaha. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Wimbo ukaenea kwa kaseti na katika kumbi. Redio ileile ambayo kanda zake zilimfikisha Uingereza ilimfungia mlango nyumbani, kwa jambo ambalo miaka michache baadaye serikali yenyewe ilikuwa ikilitangaza kwenye mabango. Sifa za ughaibuni hazikumsaidia hapo hata kidogo. Waliomsaidia ni wauzaji wa kaseti, walewale waliokuwa hawamlipi.

Katikati ya miaka ya 1990 mambo yalibadilika kwa haraka. Redio za binafsi zilianza mwaka 1994, mashirika ya umma yaliyomiliki bendi yakapunguza gharama au kubinafsishwa, na vijana wakaanza kuimba juu ya midundo isiyohitaji magitaa matatu wala wapigaji kumi na watano. Jina la muziki wao, Bongo Fleva, lilitokana na neno lilelile la ubongo ambalo Remmy alikuwa amelifanya mtindo wake, ingawa wao walikuwa na maana ya mji unaohitaji akili ili kuishi. Remmy mwenyewe, baada ya kuugua, aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Kanda za Radio Tanzania zilirithiwa na Shirika la Utangazaji, TBC. Huko Sinza, alikokuwa akiishi, kipo kituo cha daladala ambacho makondakta hukiita Kwa Remmy, nao hulitamka jina hilo kwa haraka, neno moja, kati ya vituo vingine, na abiria wengi wanaoshuka hapo walizaliwa baada ya kaseti ile kupanda ndege.